Moyo wa Miaka 40, Akili ya Miaka 70

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Miongoni mwa mambo ambayo Mtume (S.A.W.) alimwomba Mola wake amkinge nayo ni kurejeshwa katika umri ulio dhalili. Dua hiyo imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas, ambaye akiwafundisha wanawe kwa bidii ya mwalimu anayewafundisha watoto kuandika. Qur'ani nayo, katika Suratun-Nahl na Suratul-Hajj, inauelezea umri huo kwa alama moja tu. Haitaji mvi, wala mgongo kupinda, wala magoti kukataa rukuu. Inataja kupotea kwa kile ambacho mtu alikuwa akikijua.

Wengi wetu tumeihifadhi dua hiyo. Lipo hata hivyo swali ambalo ni nadra kuulizwa majumbani mwetu: baada ya kuomba kinga, tumeshika sababu zipi? Tunauliza kwa kuwa utabibu umekwisha kubainisha kwamba sehemu isiyo ndogo ya maradhi ya akili yanayowapata wazee huanzia katika moyo na mishipa ya damu, na huanza kujijenga mtu akiwa na miaka 40 au 50, wakati angali anabeba magunia sokoni na kupiga hesabu za duka bila kushika kalamu.

Anayekaa katika ofisi ya msikiti huliona jambo hili likiwa limefikia mwisho wake. Huja kijana kuuliza hukumu ya swala za baba yake anayesali Adhuhuri mara tatu kwa siku moja. Huja ndugu wawili waliokhitilafiana juu ya kiwanja ambacho mzee amekiuza mwezi huu na mwezi unaofuata hakumbuki kuwa amekiuza. Huja mama ambaye mumewe ametoka alfajiri kuelekea msikiti aliouzoea kwa miaka 30, kisha akaokotwa mtaa wa tatu akiuliza njia. Na karibu kila mara maelezo yanayotolewa ni moja kati ya matatu: ni uzee tu, ni majini, au kuna mtu amemfanyia. Ni mara chache kumsikia mtu akisema kwamba mzee alikuwa na presha kwa miaka mingi, na dawa alikuwa akizinywa siku anazoumwa kichwa peke yake.

Maelezo hayo ya tatu yana hatari iliyo kubwa kuliko kukosea maradhi. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na bibi anayezungumza peke yake usiku au kutangatanga nje bila kujua alipo ni mwepesi wa kutupiwa tuhuma hizo. Sihiri na majini yametajwa katika dini yetu na hatuyakanushi. Ruqya ya kisheria ina nafasi yake. Lakini ruqya haijapata kumzuia mtu kupimwa presha, na msomaji anayemcha Mungu hapungukiwi na kitu akiwauliza kwanza jamaa wa mgonjwa: mmempeleka hospitali?

Mahali pa akili

Maulamaa wa zamani walikhitilafiana kuhusu mahali inapokaa akili. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anayagusa mas'ala hayo anapoifikia hadithi mashuhuri ya pande la nyama lililomo mwilini. Anaeleza kwamba wenzake wa madhehebu ya Shafi na wengi wa maulamaa wa ilmul-kalam waliiweka akili moyoni, na kwamba Abu Hanifa alisema iko katika ubongo. Wagiriki nao waligawanyika vivyo hivyo kabla yao, Aristotle akiwa upande wa moyo na Galen upande wa ubongo.

Sisi si miongoni mwa wanaokimbilia kila utafiti mpya na kutangaza kuwa umeuthibitisha Uislamu. Uislamu hausubiri maabara, na moyo wa nia na ucha Mungu hakuna mashine inayoupima. Ila tunaona jambo la kuzingatiwa kwamba tabibu wa leo anayetibu ubongo wa mzee huanza kwa kumuuliza habari za moyo wake. Tusisahau pia kwamba mtu wa kwanza anayejulikana kuandika kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikarejea upande wa kushoto, alikuwa Ibn an-Nafis, tabibu na faqihi wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 1288. Galen alikuwa amesema kwamba damu hupenya ukuta ulio katikati ya moyo, na Ibn Sina alimfuata katika hilo. Ibn an-Nafis aliandika sherehe ya kitabu cha Ibn Sina kwa heshima zote, kisha akasema wazi kwamba ukuta huo hauna tundu.

Sasa tuangalie mambo yanavyokwenda ndani ya mwili. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Wala hauna ghala la kuweka akiba. Damu ikikatika kwa sekunde chache mtu huzimia, na ikikatika kwa dakika chache chembe hai zake huanza kufa. Kwa hiyo moyo, unaopiga takriban mara 100,000 kwa siku, ndio mhudumu wa ubongo asiyepewa likizo.

Anayefahamu mambo ya pampu ya kisima ataelewa upesi yanayofuata. Maji yanayosukumwa na pampu hutoka kwa vishindo. Yakipita katika mpira laini, mpira hutanuka kidogo na kusinyaa, na kule bombani pa kutawadhia maji hufika yametulia. Yakipita katika bomba la chuma lililoota kutu, kila kishindo hufika kama kilivyotoka, bomba hugonga ukutani, na viungio hulegea kimoja baada ya kingine. Mshipa mkuu unaotoka moyoni umeumbwa laini kama ule mpira. Miaka inapopita hukakamaa, na shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na lehemu huuharakisha ukakamavu huo. Hapo kila pigo la moyo hufika kichwani na kishindo chake chote, likaiangukia mishipa midogo mno ya ubongo ambayo haikuumbwa kustahimili mapigo ya namna hiyo.

Mishipa hiyo midogo huwa minene na myembamba ndani, mingine huziba, mingine huvuja. Kila panapoziba, kipande kidogo cha ubongo hufa. Mara nyingi mtu hahisi lolote, na madaktari huita hali hiyo kiharusi cha kimya. Kimoja hakionekani. Vikikusanyika kwa miaka 20, nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hukatikakatika, na ndipo jamaa huanza kuona kwamba baba amekuwa mzito wa kujibu, hawezi tena kupanga safari ya Tanga aliyoipanga mara mia, na hata hatua zake zimekuwa fupi. Yaani si kusahau majina peke yake. Uzito wa fikra na mwendo kubadilika ni dalili zinazopaswa kutukumbusha mishipa ya damu.

Yapo maradhi mengine ya demensia, na lililo mashuhuri zaidi ni Alzheimer, ambalo lina njia yake. Hata hivyo kwa wazee wengi maradhi hayo mawili hukutana katika kichwa kimoja, na ubongo ambao mishipa yake imekwisha kuchakaa hushindwa mapema zaidi kuyavumilia ya Alzheimer. Na tuseme kwa uadilifu: wapo watu waliojitunza vizuri, presha zao ziko sawa, na bado Allah akawajaalia mtihani huu. Haifai kumtazama mgonjwa kana kwamba amejitakia.

Yaliyopimwa

Mwaka 1948 katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti waliwaandikisha wanaume na wanawake 5,209, wakaanza kuwafuatilia kwa vipimo vya mara kwa mara. Baadaye wakawaandikisha watoto wao, kisha wajukuu. Ni kutokana na kazi hiyo ya subira kwamba dunia ilitambua waziwazi jinsi presha, sigara na lehemu vinavyotangulia maradhi ya moyo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya watu 1,504 wa kizazi cha pili, wasiokuwa na kiharusi wala demensia. Wale ambao mioyo yao ilisukuma damu kidogo kuliko ya wenzao walionekana kuwa na ubongo uliosinyaa zaidi, na tofauti yake ilikadiriwa kuwa sawa na ubongo kuzeeka kwa karibu miaka miwili ya ziada. Wengi wao hawakuwa wagonjwa wa moyo. Walikuwa watu wanaotembea na kufanya kazi zao.

Huko London watumishi wa serikali wamefuatiliwa tangu mwaka 1985. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliokuwa na presha ya juu ya 130 au zaidi walipofika miaka 50 walipatwa na demensia kwa wingi zaidi uzeeni. Cha kushangaza, presha ya namna hiyo ilipopimwa wakiwa na miaka 60 au 70 haikuonyesha uhusiano huo. Sisi tunaliona hili kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika familia zetu anayepelekwa kupimwa presha ni babu. Baba mwenye miaka 45, ambaye ndiye hasa mwenye cha kuokoa, ndiye anayeendesha gari la kumpeleka babu na kusubiri nje.

Je, kutibu kunasaidia? Mwaka 2019 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti uliowahusisha zaidi ya watu 9,300 wenye presha, umri wao kuanzia miaka 50. Nusu yao walitibiwa ili presha ya juu ishuke chini ya 120, na nusu chini ya 140. Kundi la kwanza lilipungukiwa kwa asilimia 19 na ule udhaifu wa awali wa kumbukumbu na fikra ambao aghalabu hutangulia demensia. Kwa demensia yenyewe tofauti ilionekana, ila haikutosha kuwapa watafiti yakini. Tunalitaja hilo la pili kwa makusudi, kwa kuwa mitaani huuzwa dawa nyingi za kuongeza akili, na wauzaji wake hawataji kamwe pale dawa zao ziliposhindwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wazungu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la damu. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo. Hao ni watu waliolima na kutembea kwa miguu maisha yao yote. Sisi wa mijini tunaokaa dukani tangu asubuhi hadi Isha tuna udhuru gani?

Kuhifadhi akili

Kila aliyesoma Usulul-Fiqh anayajua makusudio matano ya Sharia aliyoyataja Imam Ghazali: kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tunapolifikia la tatu, madarsa yetu karibu yote husema ulevi, wakaongeza bangi, kisha wakaingia la nne. Ni sahihi, lakini tunaona ni finyu. Kijana anayekunywa pombe anaiondoa akili yake kwa usiku mmoja. Mtu mzima anayejua ana presha, akatupa dawa kwa kuwa anajisikia mzima, anaipunguza akili yake kidogo kidogo kwa njia isiyorudi. Hatusemi hukumu zao ni moja, wala hatuna mamlaka ya kutoa fatwa. Tunasema kwamba mlango wa kuhifadhi akili ni mpana kuliko tulivyozoea kuufungua, na makhatibu wetu wangeufungua zaidi japo mara moja kwa mwaka.

Presha haiumi. Hiyo ndiyo hila yake. Mtu huenda zahanati, akapewa vidonge vya mwezi, vikamtuliza, akahesabu kwamba amepona. Ukweli ni kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyoishikilia presha, na akiviacha hupanda tena bila ya kumpigia hodi. Wengine huogopa kwamba dawa itawazoea. Wengine humpa jirani nusu ya vidonge vyao kwa wema, na wote wawili wakabaki na nusu tiba. Wanaochanganya dawa za hospitali na za miti shamba wamweleze daktari wao bila kuona haya.

Kuhusu chakula, Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Chukua pilau ya mchana, achari pembeni, kisha jioni mishikaki na chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili: kijiko hicho kimekwisha zamani. Na sisi wa kamati, ambao huidhinisha bajeti ya mafuta ya kupikia kila inapokuja Maulidi, tunajua vizuri ni madumu mangapi huingia jikoni. Sigara na shisha hatuzijadili, madhara yake yanajulikana. Kutembea kwa miguu kwenda jamaa ni ibada na ni dawa, na asiyeweza nusu saa aanze na robo.

Nchini Finland watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa miaka miwili lishe bora, mazoezi ya viungo, mazoezi ya akili na ufuatiliaji wa presha na mishipa, na jingine likapewa nasaha za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na kundi la kwanza lilikuwa mbele katika vipimo vya akili. Tunawaza juu ya bibi zetu wanaohifadhi sura mpya wakiwa na miaka 65 na kurudi nyumbani kwa miguu wakizungumza. Madarsa ya akina mama yasidharauliwe.

Usikivu pia umo katika mambo ambayo wataalamu wanayahusisha na demensia, na uoni vilevile. Mzee asiyesikia khutba hujitenga, na asiyezungumza na watu akili yake hupoa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Mzee anapokwisha kubadilika

Si kila usahaulifu ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingoni, huzuni ya muda mrefu baada ya kufiwa na hata baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na hayo hutibika. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo akawa anachanganya maneno, huenda ana maambukizi, na mdomo ukipinda au mkono ukilegea huenda ni kiharusi. Huyo hasubiri Ijumaa. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Yule ambaye kupotea kwa akili kumethibiti, kalamu imeinuliwa juu yake kwa namna ile iliyotajwa katika hadithi ya watu watatu. Swala haimlazimu wala saumu, na wala jamaa hawana haja ya kumtolea fidia, kwani fidia ni ya mzee mwenye akili timamu aliyeshindwa na mwili. Tumeona watoto wakimgombeza baba kwa kukosea rakaa, wakidhani wanamwokoa. Anayekumbuka kidogo na kusahau kidogo asali nyuma ya mtu, amfuate. Mali yake, kwa madhehebu ya Shafi, huendelea kutolewa zaka na msimamizi wake. Ama kuuza na kununua kwake, familia isisubiri mpaka kiwanja kiende: mara tu dalili zinapoanza, wakati mzee angali anafahamu, wakae naye pamoja na kadhi au mwanasheria, madeni na amana ziandikwe kwa ridhaa yake.

Na anayemhudumia asiachwe peke yake. Katika nyumba nyingi mzigo wote huangukia binti mmoja au mkaza mwana mmoja, ambaye huulizwa swali lile lile mara 40 kwa siku. Suratul-Israi imetukataza hata ile sauti ndogo ya kuchoshwa mbele ya mzazi aliyefikia uzee. Kaka wanaoishi mbali wanaotuma pesa tu wajue kwamba amri hiyo imeelekezwa kwao pia, na wiki moja ya kuja kukaa na mzee ili dada alale ni sehemu ya kuitekeleza.

Kupima presha kunahitaji dakika chache. Mtu akae ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono uko usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kupanda ngazi. Kipimo kimoja kikifika 140 kwa 90 si hukumu, kirudiwe siku nyingine, na kikiendelea hivyo aende kwa daktari. Wengi hutuuliza kama kupima kunafunguza. Hakufunguzi, kwani hakuna kinachoingia mwilini. Wanaotumia vidonge wazungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, kwa kuwa dawa nyingi za presha huweza kupangwa zikanywewa usiku, wakati wa futari au daku, na yule ambaye dawa zake hazipangiki hivyo ana ruhusa ya mgonjwa.